Usiku Kabibi alipopata degedege

Ilianza Jumanne jioni, mwezi wa nne, masika yamekolea na njia yetu ya ndani huku Tabata Kimanga imeshakuwa matope matupu. Nilirudi kutoka dukani Kariakoo saa moja usiku nikamkuta Kabibi kifuani kwa dada wa kazi, kalegea. (Kabibi si jina lake la kwenye cheti. Amerithi jina la mama yangu, na hapa nyumbani hakuna anayethubutu kulitamka kavukavu.) Alikuwa na miezi kumi na minne.

"Ameshinda hivi tangu saa nane, mama. Uji kala vijiko viwili tu."

Nikamgusa shingoni. Moto.

Nikaenda duka la dawa mtaani, nikasema mtoto ana homa. Muuzaji akanipa dawa mseto ya malaria na chupa ya parasetamo ya maji. Hakuuliza mtoto ana kilo ngapi wala kama amepimwa, na mimi sikumkumbusha. Kwetu sisi homa ya mtoto jina lake ni malaria, basi. Shilingi 6,500, nikarudi nyumbani nikijiona mama hodari.

Parasetamo nilimpa nusu kijiko cha chai, kwa kukisia, nikiogopa kumzidishia. Kisha, kwa kuwa mikono na miguu yake ilikuwa ya baridi na alikuwa anatetemeka, nikamvalisha sweta na soksi, nikamfunga khanga mbili. Umeme ulikuwa umekatika, feni haizunguki, chumba kama tanuri. Nikalala naye hivyo hivyo.

Kilichoniamsha si kilio. Ni kitanda kutikisika. Nikawasha tochi ya simu. Macho ya Kabibi yalikuwa yamepanda juu, weupe mtupu. Mwili umekaza kama ubao, halafu mikono na miguu ikaanza kupiga kwa mpigo mmoja, tik, tik, tik. Povu mdomoni, midomo imeingia rangi ya bluu. Nikamwita, haitiki. Hapo mimi niliamini mtoto wangu anakata roho mikononi mwangu, na kila nilichofanya kuanzia hapo nilikifanya nikiwa na akili ya mtu anayezikwa.

Nilichukua kijiko nikakiingiza katikati ya meno, maana tangu utotoni nimesikia atang'ata ulimi au ataumeza. Ulimi haumezwi. Nilichopata ni kuchubua ufizi, ukatoka damu, na ile damu ikanitia wazimu zaidi. Nikamshika miguu nimzuie asitikisike. Dada akaja na ndoo ya maji ya baridi, tukammwagia kichwani, kitanda kikalowa chote. Nikajaribu kummiminia parasetamo mdomoni akiwa vilevile hajitambui. Katika yote, hili ndilo ninaloliogopa mpaka leo. Dawa ingeweza kwenda kwenye mapafu, na degedege lisingehusika hata kidogo na kifo chake.

Katikati ya hayo nikawa nampigia simu baba yake, dereva wa malori, aliyekuwa njiani kuelekea Tunduma. Hakupokea. Nikapiga tena. Nikampigia mama mwenye nyumba, anayeishi upande wa pili wa ukuta. Wakati anapokea, Kabibi alilegea ghafla, akavuta pumzi moja ndefu yenye mkoromo, akalala.

Mama mwenye nyumba alikuja na kaniki. Ni mtu mzima, ameniona nikiolewa, na siku zote nikikwama yeye ndiye wa kwanza kuja. Akamfunika mtoto kwa lile shuka jeusi gubigubi, uso na kila kitu, akasema hilo ni dege limempitia, tumfukizie moshi kwanza, na kwamba nisithubutu kumpeleka kupigwa sindano kwa sababu mtoto wa degedege akichomwa sindano anakufa hapohapo. Wengi wetu tumelikuta neno hili kwa wazee wetu, na limesemwa kwa miaka mingi sana. Ukifikiri, unaona lilikotokea. Mtoto mwenye malaria kali ya kichwani anazungushwa kwenye moshi siku mbili, anafikishwa hospitali akiwa ameshaisha, anachomwa sindano, anafariki. Lawama zote zinaiangukia sindano, na zile siku mbili hakuna anayezihesabu.

Nilimtoa Kabibi kwenye kaniki kwa upole, nikamwambia, "Shikamoo mama, nisamehe, mimi naondoka naye." Hata sikujua kwa nini nimemwamkia saa hizo. Akanitazama, akaingia ndani, akatoka na noti za shilingi 50,000 akanitia mkononi. Dada akakimbia kutafuta bajaji.

Tukaanza na zahanati ya binafsi iliyo karibu. Malipo kwanza, shilingi 10,000 ya kumwona daktari. Kijana aliyekuwa zamu hakumgusa mtoto shingo wala hakumtazama masikio, aliandika vipimo. Baada ya nusu saa majibu yakaja: malaria mbili na taifodi. Nimekulia kwenye mji huu, najua "malaria mbili" ni jibu linaloandikwa hovyo, kila mtu amewahi kukutwa nazo. Akaandika sindano tano. Jumla pale nilitoa 38,000.

Sindano nilizikataa, na nilizikataa kwa sababu mbovu: maneno ya mama mwenye nyumba yalikuwa bado yananizunguka kichwani. Ningekuwa na mtoto mwenye malaria kali kweli, sindano ya artesuneti ndiyo ingemwokoa, na mimi ningekuwa nimeikataa kwa ushamba wangu. Bahati tu iliniangukia upande mzuri. Nikamwambia dereva wa bajaji, ambaye alikuwa bado anasubiri, "Tupeleke rufaa."

Hospitali ya rufaa ya mkoa, saa kumi na moja kasoro alfajiri. Daktari wa zamu, dada mdogo kuliko mimi, alimvua Kabibi nguo zote kabla ya kuuliza chochote. Kipimajoto kikasoma 39.4. Akamtazama koo na masikio, akagusa utosi, akainamisha shingo kidevu kiguse kifua. Akatoboa kidole apime malaria na sukari ya damu, maana sukari ikishuka nayo huleta degedege. Malaria hakuna. Sukari nzuri.

"Alikakamaa kwa muda gani?"

"Nusu saa nzima, dokta."

Uso wake ukabadilika. Akauliza tena, nikarudia, nikaapa. Akaanza kunieleza habari ya kumlaza mtoto wodini na kuchukua maji ya uti wa mgongo, kwa sababu degedege la nusu saa si la kuchezea, huenda ni homa ya uti wa mgongo. Mimi nikaanza kulia, kwamba mtoto atapooza. Akasema sindano ile huingia chini, mahali ambapo uti wenyewe umeshaishia. Sikumsikia.

Muuguzi mmoja mtu mzima, aliyekuwa anaandika kwenye daftari pembeni, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwanangu, wakati anatikisika ulimpigia mtu simu?"

"Nilimpigia baba yake."

"Nipe hiyo simu."

Akafungua orodha ya simu nilizopiga, akavaa miwani. Baba Kabibi, 2:41. Baba Kabibi, 2:43. Mama Mwenye Nyumba, 2:44. "Huyu wa mwisho akipokea, mtoto alikuwa ameshanyamaza?" Ndiyo. "Kabla ya kupiga ya kwanza ulifanya nini?" Kijiko. Kumwita. "Basi dakika nne. Tano zikizidi sana." Akampa daktari simu badala ya kunirudishia mimi.

Dakika nne. Nilibisha. Ningeweka rehani duka langu kwamba ilikuwa nusu saa. Lakini simu haina hofu ya mama, na kile kidogo kilichoandikwa mle kikabadilisha hesabu yote ya daktari. Degedege la mwili mzima, lisilofika dakika 15, lisilojirudia ndani ya saa 24, kwa mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano mwenye homa, wao wanaliita la kawaida. Likivuka hapo, au likishika upande mmoja tu wa mwili, ni habari nyingine. Mimi kwa mdomo wangu nilikuwa nimemhamisha mwanangu kutoka kundi moja kwenda jingine. Kadi yake ya kliniki nilikuwa nayo, na ilionyesha amemaliza pentavalenti na chanjo ya nimonia, ambazo zinamkinga na baadhi ya vijidudu vinavyoleta homa ya uti wa mgongo. Na kufika saa kumi na mbili Kabibi aliamka, akanyonya, akamnyang'anya muuguzi kalamu. Daktari akasema tutamwangalia kwa saa kadhaa, maji ya mgongo tuyaache kwanza.

Mkojo ukapimwa, hauna maambukizi. "Inaelekea ni kirusi," daktari akasema.

Niseme ukweli, nilikasirika. Kirusi gani? Dawa yake ipi? Nilitaka nipewe antibayotiki nitoke na mfuko kama watu wengine. Akanijibu kwamba antibayotiki huua bakteria, virusi havisikii, na kwamba homa nyingi za watoto wadogo zenye degedege huletwa na virusi hivi vya kawaida: mafua, virusi vya koo, na kimoja cha jamii ya hepesi, namba 6, ambacho karibu kila mtoto hukipata kabla ya kutimiza miaka miwili. Kinaambukizwa kwa mate, mara nyingi ya watu wazima wasioumwa chochote. Nikawakumbuka mashangazi wote waliombusu Kabibi mdomoni Sikukuu ya Idi.

Alinieleza na mengine wakati tunasubiri, nami nayaandika jinsi nilivyoyaelewa. Katika watoto 100 wa umri huo, wawili hadi watano hupata degedege la homa walau mara moja. Aliyepata mara moja, mmoja kati ya watatu atapata tena. Halili akili wala haliharibu ubongo linapokuwa fupi namna ile, na si kifafa. Hatari ya kifafa baadaye huongezeka kidogo sana kuliko ya mtoto mwingine yeyote. Nikamuuliza, je, ningempa parasetamo ya kutosha lingezuilika? Akasema hapana. Parasetamo inampunguzia mtoto maumivu na uchovu, lakini degedege haijathibitika kuwa inalizuia. Hili lilinituliza kuliko maneno yote ya pole, maana tangu usiku nilikuwa najihukumu kwa ile nusu kijiko.

Hata hivyo kipimo nilikuwa nimekosea. Hesabu ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo. Kabibi alikuwa na kilo 9.6, kwa hiyo miligramu 96 hadi 144. Chupa yangu ilikuwa na miligramu 120 kwenye mililita 5, kumaanisha mililita 4 hadi 6 kwa mara moja. Zipite saa sita, na kwa siku nzima isizidi mara nne. Soma chupa yako, maana nguvu hazilingani. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, linauzwa duka la dawa lolote, siyo kijiko cha nyumbani. Na aspirini usimpe mtoto mwenye homa ya virusi hata mtu akuapie.

Tulirudi nyumbani saa nane mchana. Homa iliendelea Jumatano yote, Alhamisi yote, inapanda inashuka. Nilimwacha na nepi tu na gauni jepesi, nikimnyonyesha kila anapotaka. Kukesha nilikesha. Nilikuwa naweka kiganja kifuani kwake nahesabu pumzi. Ijumaa asubuhi aliamka wa baridi, na mchana vipele vidogo vya rangi ya waridi vikamtoka kifuani, mgongoni, shingoni. Dada akapiga ukelele: surua! Nikampeleka kituo cha afya nikiwa nimeshajiandaa kulia upya. Mganga akamtazama, akauliza vipele vimetoka homa ikiwa ipo au ikiwa imeondoka. Imeondoka. Akacheka. Surua hutoka vipele homa ikiwa juu, na mtoto ana kikohozi na macho mekundu. Hii ni rozeola, ndicho kile kirusi, na kimeshamaliza safari yake. Siku ya pili vikafifia.

Gharama zote niliziandika nyuma ya kitabu cha mauzo: dawa za mtaani 6,500, bajaji ya usiku 14,000, zahanati 38,000, vitu nilivyonunua hospitali 12,500, bajaji ya kurudi 6,000, kipimajoto 7,000. Shilingi 84,000, na duka limefungwa siku tatu. Ukijumlisha dawa mseto isiyohitajika na zile malaria mbili, zaidi ya nusu ya pesa hiyo ilikuwa ya kununua makosa.

Bibi yake wa Tanga alipopata habari alisema hizo ni nyuni, pepo wanaosemwa kuwaletea watoto degedege, akatuma hirizi na basi. Nimeiweka kabatini. Simkatalii, na shingoni haijafika.

Kilichoniuma ni kwamba mwezi hata mwezi nimempeleka Kabibi kliniki, akapimwa uzito, tukafundishwa uji wa lishe na chandarua, na hakuna siku mtu alisema: mama, mtoto akikakamaa, mlaze ubavu. Dakika mbili zingetosha. Basi nikaamua dada ndiye atafundishwa, maana mimi nashinda Kariakoo na yeye ndiye anayeshinda na mtoto. Tulitumia mdoli. Mlaze ubavu, sakafuni au kitandani mbali na ukingo, kitu chochote kisiingie mdomoni. Legeza nguo shingoni. Usimshike, usimmwagie maji. Tazama saa. Zikipita dakika tano bado anatikisika, hakuna kusubiri mtu, ni kukimbia, maana hospitali wana dawa ya kulikata, ikiwemo inayopitishwa njia ya haja kubwa. Na hata likiisha mapema, bado mtoto anakwenda kuonwa siku hiyohiyo, apimwe malaria, itafutwe homa imetoka wapi. Akiwa haamki vizuri, shingo imekaza, utosi umevimba, anatapika kila kitu, anapumua kwa shida, au degedege limerudi, hapo usiulizane na jirani.

Mwezi wa nane ilifika chanjo ya surua na rubela ya miezi 18. Niliahirisha wiki mbili kwa woga, kwa sababu chanjo ile inaweza kuleta homa wiki moja au mbili baadaye. Muuguzi wa kliniki akasema homa ya surua yenyewe ni mbaya mara kumi. Nikampeleka. Homa kidogo siku ya nane, ikapita.

Mwezi wa kumi na moja, nikiwa natandaza vitenge mbele ya mteja, simu ikaita.

"Mama, Kabibi kapata ile kitu. Imeisha. Nimeshapanda bodaboda, tunaenda kituo cha afya, na kadi ninayo."

Sikumbuki nilimwachia nani duka. Nilipofika nilimkuta Kabibi amekaa benchini anatafuna biskuti, makamasi yamejaa puani, ananitazama kama mimi ndiye mgonjwa. Malaria ilikuwa imeshapimwa, hakuna, mafua tu. Mganga alikuwa ameshika kipande cha karatasi kilichochanwa kwenye daftari. Kwa mwandiko wa peni ya bluu, mistari mitatu:

Imeanza 5:22.
Imeisha 5:24 na nusu.
Mikono yote na miguu yote.

"Nani kaandika hii?" mganga akauliza. Dada akainamisha kichwa, akaanza kuomba radhi.